Kusafisha spea kuukuu za injini nyumbani

Uchafu unaoganda kwenye spea za injini si wa namna moja, ingawa kwa jicho la haraka wote ni mweusi. Wa nje ni vumbi na mchanga wa barabarani ulionaswa na oili inayovuja, ukawa utando mnene unaokwanguka kwa ukucha. Wa ndani ni tope la oili iliyokaa kupita muda wake, ikachanganyika na mvuke wa maji na mabaki ya petroli. Juu ya pistoni na shingoni mwa valvu hukaa masizi magumu, ambayo mafundi huyaita kaboni, yaliyookwa na moto wa injini hadi yakashika chuma kama ukoko wa wali. Kabureta ina wake: utando wa kahawia unaonata, ulioachwa na petroli iliyokauka. Kisha kuna kutu, kuna unga mweupe wa aluminiamu iliyoliwa na unyevu, na kuna magamba ya chumvi na chokaa kwenye njia za maji ya kupozea. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja huweza kukila chuma kilichobeba mwingine. Spea iliyodumu miaka ishirini pamoja na uchafu wake huweza kuharibika ndani ya saa moja ya kusafishwa.

Kazi hii ina wenyewe Magomeni, Dar es Salaam. Kuanzia Mapipa hadi Usalama na Kagera, kando ya Barabara ya Morogoro na kwenye mitaa ya ndani, bodaboda na bajaji hufunguliwa injini kwenye gereji bubu, na mara nyingine kwenye ua wa nyumba ya kupanga. Bonde la Jangwani ndilo linaloitenga Magomeni na Kariakoo, na upande huo wa Kariakoo, Gerezani, spea za mtumba huuzwa zikiwa bado na oili ya injini zilikotolewa. Mwenye pikipiki huwa na njia mbili: spea mpya ya bei nafuu ambayo huenda ni feki, au spea kuukuu ya kiwandani iliyochakaa kidogo na kuchafuka sana. Wajuzi wengi huchagua ya pili, na kwa hedi, kabureta, kesi ya injini na mifuniko wana haki. Kwa beringi, ringi za pistoni, oili sili na gasketi hawana: hivyo hununuliwa vipya, kwa kuwa hakuna usafi unaorudisha chuma kilicholika au mpira uliokakamaa.

Jambo la kwanza ni kujua chuma. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha. Ikishika, spea ni ya chuma cha kawaida au chuma cha kalibu. Isiposhika, na spea ni nyepesi na nyeupe-kijivu, ni aluminiamu au mchanganyiko wa zinki, kama ulivyo mwili wa kabureta nyingi. Rangi ya dhahabu iliyofifia ni shaba nyeupe, nayo hupatikana kwenye jeti za kabureta. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Dar es Salaam zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na ndani ya injini hiyo moja kuna hedi ya aluminiamu, ukuta wa silinda wa chuma, valvu za chuma kigumu na mipira ya kuzuia oili. Kuvitupa vyote kwenye karai moja la dawa moja ni kosa lililozoeleka kuliko yote.

Kwa hiyo spea hufumuliwa kwanza. Mipira yote hutolewa na kuwekwa kando, kwa sababu petroli na mafuta ya taa huivimbisha. Bolti huchomekwa kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio ule ule zilivyokuwa kwenye injini. Bolti ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa kesi. Picha za simu husaidia, hasa kwa nyaya na springi za kabureta.

Kisha hukwanguliwa kile kinachokwanguka. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, kipande cha plastiki ngumu, mswaki wa zamani na brashi ya shaba hufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Bisibisi na brashi ya waya wa chuma zisikaribie uso wa aluminiamu unaokaliwa na gasketi, kwa kuwa mkwaruzo unaoonekana kwa shida hapo unatosha kupitisha oili au moto. Stiliwaya ya kusugulia sufuria ni mbaya zaidi, maana hukatika nyuzi ndogo zinazojificha kwenye njia za oili na kuibukia kwenye beringi.

Injini za zamani zina tahadhari ya ziada. Gasketi nyingi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu, ikiwemo saratani, baada ya miaka mingi. Petroli yenye madini ya risasi nayo ilitumika katika nchi za Kusini mwa Sahara hadi ilipoondolewa kufikia mwanzoni mwa 2006, na masizi ya injini zilizofanya kazi kabla ya hapo huweza kuwa na risasi hiyo. Uchafu wa namna hii hukwanguliwa ukiwa umeloweshwa, na vumbi lake halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa.

Baada ya kukwangua huja kulowesha. Mafuta huyeyushwa na mafuta, na kwa miaka mingi mafuta ya taa ndiyo yaliyotumika, kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko dizeli. Urahisi huo uliwavutia pia wachakachuaji, waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wake ili kuifuta tofauti ya bei. Tangu hapo kuchagua kati ya dizeli na mafuta ya taa kumebaki suala la tabia ya mafuta yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, hupenya haraka na hukauka vizuri. Dizeli ni ya polepole lakini huacha utando mwembamba unaokinga kutu, faida isiyo ndogo katika mji wa pwani wenye hewa ya chumvi. Kwa spea za chuma zenye oili iliyoganda, dizeli kwa usiku mzima hushinda petroli kwa nusu saa, na haihitaji nguvu ya mkono.

Petroli husafisha haraka, ndiyo maana inapendwa, na ndiyo inayounguza watu. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huhitaji kufika takriban nyuzi 38 na dizeli zaidi ya 50. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi juu ukapotea bali hutambaa chini. Katika nyumba ya Magomeni yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, mvuke huo hufuata sakafu hadi kwenye jiko la mkaa la jirani au jiko la gesi lililoko ukumbini. Cheche ya mbali huweza kuurudisha moto hadi kwenye karai. Dizeli nayo, ikipakwa kwenye chuma kilichoanikwa juani saa saba mchana, haiko tena kwenye joto la kivulini. Mahali pa kazi ni nje, penye upepo, mbali na majiko, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Maji hayazimi moto wa mafuta, huusambaza.

Chupa za soda na za maji ya kunywa hazifai kuhifadhia mafuta haya. Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa madhara makubwa hutokea yanapoingia mapafuni. Hupelekwa hospitali mara moja, na chupa huchukuliwa ikaonyeshwe. Kwa anayeosha, petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani, nayo hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi. Desturi ya kunawa mikono kwa petroli baada ya kazi ni ya kuachwa. Mafuta ya kupikia yakisuguliwa mikononi pamoja na maranda laini ya mbao hulegeza grisi, kisha sabuni humaliza.

Uchafu ukishalegea, maji ya moto na sabuni ya unga huondoa kilichobaki pamoja na mafuta yenyewe. Hapa ndipo wengi huongeza ukali, na hapa ndipo aluminiamu hufa. Soda kostiki, inayotumika kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, ni dawa kali ya grisi na haikidhuru chuma cha kalibu. Lakini aluminiamu ikitumbukizwa humo hutoa mapovu mara moja: mapovu hayo ni gesi ya haidrojeni, na kinachoyeyuka ni spea yenyewe. Hedi ikisahaulika humo kwa saa chache hutoka nyeusi, ina vishimo, na nyuzi za bolti zimelika. Magadi, ambayo Tanzania inayo kwa wingi mno katika Ziwa Natron, ni mapole kuliko kostiki ila tabia ni ile ile yakichemshwa. Kwa aluminiamu, sabuni ya kawaida ya vyombo na subira ndiyo dawa. Kwa bloku ya chuma iliyovuliwa kila kitu, maji ya moto yenye magadi hufanya kazi nzuri sana, na glavu na miwani huvaliwa.

Kabureta hustahili maelezo marefu, kwa sababu ndiyo spea inayofunguliwa mara nyingi zaidi na kuharibiwa mara nyingi zaidi. Dalili za uchafu wake zinajulikana na kila dereva wa bodaboda: pikipiki huwaka kwa shida asubuhi, huzima kwenye taa za barabarani, au hukataa kushika mwendo. Ndani yake kuna boya linalopima petroli, sindano inayofunga njia petroli ikijaa, na jeti, yaani vipande vya shaba nyeupe vyenye matundu yaliyotobolewa kwa kipimo. Namba iliyoandikwa kwenye jeti kubwa za aina ya Keihin ni kipenyo cha tundu katika sehemu ya mia ya milimita: jeti ya namba 100 ina tundu la milimita 1. Tundu hilo likipanuliwa hadi milimita 1.05 kwa kuchokolewa na waya, jicho halioni tofauti, lakini eneo lake limeongezeka kwa karibu asilimia 10. Pikipiki huanza kunywa mafuta, plagi huwa nyeusi, na masizi yaliyotolewa juu ya pistoni hurudi upesi. Jeti ndogo ya mwendo wa taratibu, ambayo tundu lake huwa chini ya nusu milimita, haivumilii hata kidogo.

Njia iliyo salama ni kulowesha. Jeti huwekwa kwenye kikopo chenye dawa ya dukani ya kusafishia kabureta, au petroli kidogo, kikafunikwa, kwa saa kadhaa au usiku mzima, kisha hupulizwa kwa upepo kutoka upande wa pili wa njia ya kawaida ya petroli. Tundu likikataa, hutumika uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya laini wa umeme, kwa kuwa shaba ile ni laini kuliko jeti. Uzi wa kebo ya breki ni wa chuma, nao hukwangua. Skrubu ya kurekebisha hewa kabla ya kufunguliwa hukazwa taratibu hadi mwisho huku mizunguko ikihesabiwa, ikaandikwa, ndipo ifunguliwe; bila hesabu hiyo, kurudisha injini kwenye mlio wake ni kubahatisha. Mwisho, jeti huinuliwa kuelekea kwenye mwanga. Tundu safi ni duara kamili, lisilo na pembe.

Kaboni ya kwenye pistoni na hedi haiyeyuki kwa dizeli, hulainika tu. Spea hulala kwenye dizeli au dawa ya kabureta, kisha hukwanguliwa kwa mwanzi au plastiki, hulazwa tena, hukwanguliwa tena. Siku mbili za kurudiarudia hivyo ni jambo la kawaida. Mifereji ya ringi kwenye pistoni husafishwa kwa kipande cha ringi kuukuu iliyovunjwa, kwa sababu kina upana ule ule wa mfereji. Kisu hupanua mfereji, na ringi mpya hucheza humo na kupitisha oili. Valvu, zikiwa za chuma kigumu, huvumilia brashi ya waya sehemu ya shingo, ila si pale zinapokalia siti. Kuzichoma spea motoni ili kaboni iungue ni mtindo unaoonekana mara moja moja na haufai: aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini hupoteza ugumu wake mapema zaidi, na hedi huweza kupinda bila kuonyesha dalili yoyote ya moto.

Bonde la Msimbazi, ambalo Jangwani ni sehemu yake, huleta uchafu wa aina nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini ndiyo yanayokumbukwa zaidi, lakini Jangwani imejaa maji mara nyingi baadaye, hadi mabasi ya mwendokasi yakanaswa kwenye karakana ya huko. Injini iliyozama haipaswi kuwashwa wala kupigwa kiki. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na kinachopinda ni mkono wa pistoni. Oili humwagwa, injini hufunguliwa, na tope laini husuuzwa kwa dizeli nyingi inayotiririka kabla ya kitambaa chochote kugusa ukuta wa silinda, kwa kuwa mchanga ukisuguliwa kwa tambara ni msasa mtupu.

Kutu nayo ina tiba kadhaa, zote kwa spea za chuma pekee. Siki au maji ya ndimu hufaa vitu vidogo, yakikaguliwa kila baada ya saa chache. Molasi inayouzwa kwa wafugaji, ikichanganywa na maji mara tisa ya kiasi chake, huila kutu taratibu kwa wiki moja hadi tatu bila kuumiza chuma kilichobaki kizima. Harufu yake, katika ua wa familia sita, ni suala la kujadiliana na majirani mapema. Iliyo safi zaidi ni ya umeme: ndoo ya plastiki, maji yenye kijiko cha magadi kwa kila lita nne au tano, chaja ya betri ya volti 12, na kipande cha nondo. Nondo hufungwa kwenye waya chanya na spea kwenye waya hasi, visigusane. Kutu hulegea na kudondoka. Haidrojeni hutoka hapa pia, hivyo moto uwe mbali, na kijiko au sufuria ya chuma kisichoshika kutu isitumike badala ya nondo, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu majini. Maji ya betri, ambayo wengine huyakimbilia, ni asidi ya salfa. Huondoa kutu kwa dakika, ila haidrojeni yake huingia ndani ya chuma kigumu kama springi za valvu na kukifanya kikatike ghafla siku za mbele.

Magamba kwenye njia za maji za injini ya gari husababishwa na kujaza rejeta maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na kila yanapochemka huacha sehemu yake ukutani. Asidi ya limau iliyopunguzwa makali huyalegeza. Maji hayo hayo ya kisima hayafai kusuuzia spea: tone likikauka huacha chumvi, na chumvi huita kutu ndani ya usiku mmoja. Kusuuza kwa mwisho kufanywe kwa maji ya bomba au ya mvua, yakiwa ya moto, ili spea ikauke kwa joto lake yenyewe. Msimu wa masika, chuma kitupu hugeuka rangi ya chungwa kabla chai haijapoa. Kwa hiyo spea ya chuma hupakwa oili nyepesi ikiwa bado na uvuguvugu, kisha hufungwa kwenye mfuko safi wa plastiki. Njia zote za oili hupulizwa, na mwanga wa tochi hupitishwa kila tundu, kabla ya kufunga.

Kinachobaki ni karai la dizeli nyeusi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu taka za namna hii kumwagwa ovyo, na mtaro wa Magomeni haufiki mbali kabla ya kuingia Mto Msimbazi na kisha baharini. Lakini sehemu kubwa ya dizeli hiyo si taka bado. Ikiachwa ndani ya dumu kwa siku chache, tope hushuka chini na juu hubaki dizeli inayoweza kuoshea tena mara kadhaa. Oili chafu ina wanunuzi wake, wakiwemo wanaopaka mbao dhidi ya mchwa na fomu za zege. Tope la chini hunyonywa na maranda na kufungwa kwenye kopo lenye kifuniko, lisichomwe uani. Spea ambayo baada ya yote hayo imeonekana kuwa na ufa au nyuzi zilizokwisha huenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hupima kwa kilo, aluminiamu kwa bei ya juu kuliko chuma, na haongezi kitu kwa iliyooshwa.